"Nachora mistari, mama": jibu kwa mzazi wa Molo

Swali: Afande, habari ya siku nyingi. Mwanangu alimaliza mafunzo ya uafisa hapo Lanet, kisha akachaguliwa kwenda ng'ambo kusomea unevigeta wa ndege za kijeshi. Si urubani, ni ile kazi ya kuonyesha njia. Anapiga simu Jumapili tu, na sauti yake imechoka. Nikimuuliza anashinda akifanya nini, ananiambia, "Nachora mistari, mama." Wiki iliyopita amesema amefeli safari mbili. Je, wanamtesa huko? Na hiyo kazi ipo kweli, maana hata simu yangu hunionyesha njia ya Elburgon? Na naweza kumtumia nini? Mama K., Molo.

Jibu:

Mama K., jina la nchi na la chuo nimeyaondoa kwenye barua yako. Kijana yuko kazini, na mambo ya kambi hayaanikwi kambani kama nguo. Mengine nitakujibu, kwa sababu kiti anachosomea nimekikalia. Nilikisomea ng'ambo miaka ya 1980, nikakifanyia kazi mpaka nikastaafu, na siku hizi niko Kisumu nikiwafundisha vijana hesabu za safari za anga.

Hawamtesi. Kukimbizwa alfajiri, kutambaa kwenye tope, kufokewa mpaka masikio yalie, hayo yote aliyamaliza Lanet kabla hajavaa cheo. Alipo sasa walimu wake wanaongea taratibu, pengine taratibu mno. Kinachomchosha ni saa ya ukutani. Nataka ukielewe kitu hicho kimoja, kwa hiyo niruhusu nikupandishe ndege.

Tuseme tunaruka kutoka uwanja mdogo wa Lanet kwenda Kisumu. Mstari ulionyooka ni kama maili 87 za baharini, ambazo ni kilomita 160 hivi. Maili ya baharini ni mita 1,852, na wanaanga wameirithi kwa mabaharia pamoja na mambo mengine mengi. Hata neno rubani, Waswahili wa pwani walikuwa wakimwita hivyo mjuzi wa njia za majini kabla neno hilo halijapanda ndege. Mwelekeo wetu ni digrii 279, yaani magharibi, tukipinda kaskazini kidogo tu. Ndege iende noti 180, yaani maili 180 za baharini kwa saa. Hizo ni maili 3 kwa dakika. Safari nzima ni dakika 29, na matatu yenu wakati huo bado inaita abiria stejini Nakuru.

Sasa huyo kijana wako ameketi na ramani, penseli, saa, kipimapembe, na kikokotoo cha duara cha kuzungusha kwa mkono. Kabla hata injini haijawashwa ameshachora mstari na kuukata vipande. Dakika ya 2, Menengai iwe kulia. Dakika ya 9 awe juu ya Molo. Sikutungi, mstari huo unapita karibu kabisa na mji wenu, na hapo ardhi imepanda zaidi ya mita 500 kuliko Nakuru mjini, kwa hiyo mwinuko wa ndege nao una hesabu yake. Dakika ya 19 awe Muhoroni. Halafu bonde la Nyando, miwa, mpunga, ziwa, na Kisumu.

Kwenye karatasi inapendeza. Lakini hewani kuna upepo, na upepo hausomi ramani. Tuseme unavuma kutoka kusini, noti 15, si mwingi, ule wa kutikisa mahindi tu. Ndege iliyoelekezwa digrii 279 bila kuuhesabia itasukumwa kaskazini digrii 5 hivi, na abiria hatahisi chochote. Kijana atakapotazama dirishani dakika ya 19, kiwanda cha sukari cha Muhoroni hakiko chini yake. Kiko kushoto, mbali, kama maili 5.

Hapo ndipo hesabu ya wazee wetu inapoingia. Kila ukisafiri maili 60, digrii moja ya kosa hukutupa maili moja pembeni. Muhoroni iko karibu maili 60 kutoka Lanet, kwa hiyo maili 5 pembeni ni digrii 5 za kosa, bila hata kikokotoo. Kufika Kisumu kumebaki maili 29. Maili 5 za kurudisha ndani ya maili 29 ni digrii 10. Jumla ageuze ndege digrii 15 kushoto: 5 za kuacha kupotea, na 10 za kuirudia njia. Mtoto wa darasa la nane anaiweza hesabu hiyo. Nimewahi kumpa mjukuu wangu, akaifanya huku anakula.

Ugumu ni kwamba ndege haipaki kando ya barabara ukafikiri. Ukitumia dakika 4 kukuna kichwa, umeshasogea maili nyingine 12, na jibu ulilopata ni la mahali ulipokuwa. Na huko kaskazini ulikosukumwa si tambarare, ni ukuta wa milima ya Nandi. Wakati huohuo rubani anakuuliza utafika saa ngapi, redio inaita kwa Kiingereza chenye lafudhi usiyoizoea, na mwalimu nyuma ya bega lako anaandika kitu kwenye karatasi yake ambacho ungetoa shilingi elfu kukiona. Kila dakika chache lazima uandike: saa ngapi, tuko wapi, upepo umekuwaje, kituo kijacho tutakifikia lini. Ukiruka mstari mmoja, unaofuata huna pa kuushikia. Walimu wetu walikuwa wakisema juu ya mwanafunzi wa namna hiyo kwamba mwili umepanda ndege lakini akili imebaki maili 12 nyuma ikikimbia. Mistari anayochora mwanao ni hiyo.

Siku yake ilivyo. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri ikiwa ana safari. Safari hiyo ameshaiandaa jana yake jioni, kwa muda wa saa nne au tano nzima: chati, mistari, meza ya saa na umbali, viwanja vya dharura. Asubuhi anapokea hali ya hewa na kugundua upepo umebadilika, kwa hiyo nusu ya kazi ya jana anaifuta kwa raba. Kisha darasa zima linaketi, mwalimu anamtaja mmoja kwa jina, na huyo anasimama mbele ya wenzake. "Injini ya kushoto imeshika moto, uko hapa, saa hizi, mafuta kiasi hiki. Endelea." Anatakiwa kusema hatua zote kwa mpangilio, nyingine kwa maneno yaleyale yaliyo kitabuni. Akikwama, anaambiwa aketi, na kwa siku hiyo haruki. Kwangu mimi kusimama pale kulikuwa kugumu kuliko ndege yenyewe. Magoti yalikuwa yananicheza ndani ya suruali.

Halafu muda wa saa mbili mpaka nne hewani, kisha mazungumzo ya kupitia safari, ambayo yanaweza kuwa marefu kama safari. Karatasi yake inawekwa mezani na kila nukta inaulizwa: hapa ulijuaje? Siku asizoruka yupo kwenye simyuleta, chumba kisicho na dirisha ambamo anga lote ni skrini. Chakula anakula, usiwe na wasiwasi, ila anakula haraka.

Na anatapika. Sikufichi. Ukiinamia karatasi huku ndege inapinda, sikio linasema tunazunguka, jicho linasema tumetulia, na tumbo linaamua kesi. Mifuko ipo. Mtu anatapika, anafunga mfuko, anaandika saa kwenye kumbukumbu yake, kazi inaendelea. Wengi huzoea baada ya safari kadhaa.

Kuna na mafunzo ya pembeni: kuogelea na vazi zima la kazi, kutoka kwenye kibanda kilichopinduliwa chini ya maji, kuruka kwa mwavuli kutoka jukwaani. Hayo vijana huyasimulia kwa furaha. Kimoja ndicho sikisahau. Mnaingizwa kwenye chumba cha chuma, hewa inapunguzwa mpaka mko kama futi 25,000, kisha mnaambiwa mvue barakoa ya oksijeni na mwandike kwenye karatasi: jina, halafu 100 toa 7, toa 7, toa 7. Nilijiona hodari. Nilijisikia mwenye furaha hata, kama mtu aliyetoka harusini. Barakoa iliporudi nikaona karatasi yangu: 93, 86, 86, 86, halafu jina langu, halafu jina langu tena likiteremka nje ya mstari kama sisimizi. Kumbe hewa ikikosekana akili haikuagi.

Jambo jingine linawapata vijana wetu tu, na sijasikia mzungu akililalamikia. Wanaanga wote duniani hutumia saa ileile, wanayoiita Zulu, ambayo iko saa tatu nyuma ya saa ya ukutani ya Kenya. Mtoto aliyelelewa na Kiswahili ana saa nyingine tena kichwani. Ukimwambia tukutane saa mbili asubuhi, ukutani ni 0800, na kwenye karatasi ya ndege ni 0500. Zidisha hapo saa ya nchi aliyopo. Akiwa mzima hachanganyikiwi. Akiwa amechoka, na amekwama, ile ya mama ndiyo hujitokeza ya kwanza. Niliwahi kuandika kwenye kumbukumbu "saa 4" wakati nilimaanisha 1000, na mwalimu akatafuta kwa dakika nzima ni saa nne gani hiyo. Siku hiyo tulicheka. Kuna siku ambazo hawacheki.

Sasa zile safari mbili alizofeli. Kwanza ujue neno hilo halimaanishi alivyofeli mtu mtihani wa kidato cha nne, matokeo yakatoka na basi. Kila safari ina alama zake, na safari mbaya hufuatwa na ya marudio, mara nyingi na mwalimu mwingine ili macho yawe mapya. Zikiongezeka, anapewa safari ya kupimwa na mkaguzi, na akianguka hapo, maafisa wanakaa kulitazama faili lake lote na kuamua aendelee au abadilishiwe kazi. Mbili ni za kawaida. Katika darasa letu, mimi mwenyewe nilianguka tatu.

Ya pili kati ya hizo tatu ndiyo iliyonifundisha kazi. Ilikuwa usiku. Upepo niliupata sawasawa, nguvu na upande, ila nilipouweka kwenye kikokotoo niliugeuza, kichwa nikakifanya mkia. Badala ya kuiegemeza ndege upande unakotoka upepo, niliiegemeza unakokwenda. Kosa likawa mara mbili. Mwalimu aliliona papo hapo, baadaye aliniambia, lakini akanyamaza dakika 20. Kila nilichoandika baada ya hapo kilikuwa kisafi, na mwandiko mzuri, na cha uongo. Kisha akauliza, "Tuko wapi?" Nikaweka ncha ya penseli kwenye ramani bila kusita. Akasema, "Tazama nje." Taa za mji uliotakiwa kuwa kulia zilikuwa kushoto, nyingi, za machungwa, zimetulia kabisa. Nikatazama karatasi, nikatazama taa, na aibu ni kwamba kwa sekunde kadhaa niliamini karatasi.

Kosa hilo la kugeuza kichwa na mkia halikuanza na mimi. Aprili 1943, ndege ya Marekani aina ya B-24, waliyoiita Lady Be Good, ilikuwa ikirudi usiku kutoka Italia kwenda kambi yake pwani ya Libya. Watu tisa, na ilikuwa safari yao ya kwanza ya vita. Waliomba mwelekeo kwa redio wakapewa. Lakini antena ya aina ile ilionyesha mstari tu, haikutenganisha mbele na nyuma, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba walikuwa wameshaipita kambi, wakadhani bado iko mbele. Wakaendelea kuelekea jangwani wakiamini wako juu ya bahari, mpaka mafuta yakaisha. Mabaki yalionekana mwaka 1958, kilomita mamia kutoka pwani, na watafutaji wa mafuta. Sikwambii haya kukutisha. Nakwambia ili ujue kwa nini mwalimu wa mwanao anamtesa, kama neno hilo lazima litumike, kwa kumwuliza kila nukta "ulijuaje?" Siku aliyonyamaza dakika 20 mwalimu wangu nilimchukia. Nilimwandikia mama barua, ile ya karatasi ya bluu inayojikunja yenyewe kuwa bahasha, nikamweleza yote. Jibu lilifika baada ya wiki tatu, nikiwa nimeshafaulu marudio, nimeshasahau hasira. Wewe unapigiwa Jumapili hiyohiyo, moto ukiwa haujazimika. Ndiyo maana unausikia.

Kuhusu kazi kuwapo au kutokuwapo, swali lako ni la haki, na baadhi ya maafisa wenyewe hawapendi kuulizwa. Kiti cha zamani kinatoweka. Ndege ya mizigo ya C-130 ya miundo ya zamani ilikuwa na nevigeta. Muundo mpya, C-130J, unarushwa na marubani wawili bila yeye. Marekani walikuwa na ndege nzima ya kufundishia kazi hii, T-43, ambayo ni Boeing 737 iliyogeuzwa darasa, wanafunzi 12 wameketi kwenye meza zao na matundu ya kupimia nyota darini. Kwa miaka mingi ilikuwa kambi ya Mather, California, mpaka kambi ikafungwa mwaka 1993, na mwaka 2010 ndege zenyewe zikastaafishwa. Jina nalo limebadilika. Uingereza waliacha kuwaita nevigeta mwaka 2003, na Marekani sasa wanawaita maafisa wa mifumo ya vita. Maana yake ni kwamba mtu yuleyule, akishajua tuko wapi, anakabidhiwa rada, vifaa vya kunasa mawimbi ya adui, na silaha. Katika ndege ya kivita ya F-15E ndiye aliyeko kiti cha nyuma. Kijana wako akifika nusu ya masomo mistari itapungua na skrini zitaongezeka.

Basi kwa nini bado wanaanza na penseli, ilhali simu yako inaijua njia ya Elburgon? Simu yako inasikiliza setilaiti zilizo kilomita 20,000 hivi juu, na sauti inayofika huku chini ni hafifu mno. Mtu mwenye mtambo anaweza kuipigia kelele mpaka isisikike, au, baya zaidi, kuidanganya kwamba iko kwingine. Hili si la vitani tu. Mwaka 2024 shirika la Finnair lilisimamisha kwa mwezi mmoja safari za kwenda Tartu, Estonia, kwa sababu mawimbi hayo yalikuwa yakivurugwa. Siku skrini inapomwambia mwanao yuko Londiani huku saa na upepo vinasema yuko Muhoroni, lazima awe na kitu ndani yake cha kubishana nayo. Mashine ikidanganya haibabaiki, na mwandiko wake ni mzuri kama wangu wa usiku ule.

Hata huko kwenu haya si mageni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza walifundishia wanaanga wao Nakuru kwa ndege za Blenheim, watu watatu kila moja: rubani, mwonyesha njia, na mpiga bunduki. Na hapa Kisumu, miaka ya 1930, ndege za kampuni ya Imperial Airways zilikuwa zikitua ziwani kwenye maji. Waliokuwa ndani walikuwa na dira, saa, na penseli, na mawingu ya ziwa hili yanayopanda kila alasiri kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Yale mawingu ya Kericho yenye mvua ya mawe, mpaka leo nawaambia wanafunzi wangu wayazunguke hata kama hesabu zao zote zitaharibika.

Jumapili, usimuulize amefaulu ngapi. Wenzake wanamuuliza hilo siku sita. Muulize alipita juu ya nini, mji gani, mto gani, dakika ya ngapi. Atakusimulia bila kujua, na ukisikia anataja dakika bila kusitasita, jua ameanza kuishika ndege. Akisema "tulikuwa juu ya mawingu tu, sikuona kitu," usimhurumie. Safari ya hivyo ndiyo ngumu na ndiyo wanayojivunia.

Cha kumtumia: viazi usijaribu, najua Molo mnavyovionea fahari. Majani ya chai, pakiti iliyofungwa kiwandani, hayo yatamfikia, na saa kumi na nusu alfajiri ndipo atakapoyahitaji. Kama anataka ramani ya ukutani, mtumie ya kwetu. Mimi nilibandika ya Kenya juu ya kitanda, nikawa napiga mstari wa Lanet mpaka Kisumu kwa kucha kila usiku, nahesabu dakika: Menengai, Molo, Muhoroni. Mara nyingi usingizi ulikuwa unanichukua kabla sijafika Fort Ternan.